Geji Inayohesabu

"Sitaki kusikia tena habari ya chipu ya volti!" nilimwambia Chediel, nikagonga meza mpaka skrubu zikaruka.

Chediel ni mdogo wa mume wangu. Tunaunga betri pamoja hapa Mandewa, na mdomo wake hauna breki. Betri yetu ya kwanza ilikuwa imetuaibisha kwenye zahanati ya Mgori. Geji yake, yenye chipu ya kupima volti, ilionyesha imejaa, nesi Scola akaiamini, friji likazimika na chanjo za watoto zikaharibika. Akina mama waliotoka mbali kwa miguu wakarudishwa. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

"Shemeji, unapenda makuu," alisema. "Ya volti ni rahisi, ipo dukani. Hiyo yako mpaka iagizwe."

"Iagizwe! Rahisi ghali. Betri yetu hii ya lithiamu fosfeti volti zake hazishuki, zinasimama palepale mpaka betri inakaribia kukata. Ya volti itabahatisha tu. Simtanki hujui limebaki na maji kiasi gani mpaka uhesabu ndoo zilizoingia na zilizotoka. Nataka chipu inayohesabu umeme hivyohivyo."

Chipu ikaja. Niliijaza betri mpya, nikaimaliza, nikaijaza tena, ili chipu ijifunze ukubwa wake. Chediel akanicheka kwamba nimepata mtoto wa kulea. Nikamwacha acheke.

Tukaifunga betri hiyo Mgori. Mawingu yakatanda siku nyingi, paneli za jua hazikuichaji vizuri, nikapata wasiwasi, tukarudi kuikagua. Ilikuwa siku ya kliniki, mabenchi yamejaa akina mama. Geji ilisoma asilimia tatu, lakini taa ya ukutani, inayotumia betri hiyohiyo ya friji, ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mwenyekiti wa kijiji, mzee Abraham.

"Marahaba. Mwanangu, geji yako nayo mbovu. Betri ikiisha taa hufifia, hata mtoto anajua!"

Watu wakaitikia. Wote tumekulia kwenye betri za maji, zile zinazokuaga polepole. Hii haiagi mtu.

Scola aliangalia taa, akaangalia geji. "Winfrida, barafu niliyonayo inatosha kisanduku kimoja. Nikihamisha chanjo bure, barafu ikayeyuka, kesho sina kitu. Na hawa mama nikiwarudisha tena, hawaji tena. Niambie ukweli."

Nilimtazama Chediel, kisha nikaisoma geji tena.

"Hamisha," nikasema. "Sasa hivi."

"Kwa taa inayowaka hivi?" Mzee Abraham akaguna.

Scola hakubishana. Alipanga barafu, akahamisha chupa zote, akafunga kifuniko. Wapo waliocheka. Nilisimama hapohapo nimekunja mikono, jasho likinitoka.

Alikuwa bado anaandaa sindano taa ilipozimika. Haikufifia hata kidogo. Friji likanyamaza, na waliocheka wakageukia kisanduku.

Scola akainua uso, akaita kwa sauti:

"Haya, mama wa kwanza. Lete mtoto."