Tangazo la Kazi ya Sravanthi

Serikali ya Marekani ina ukatili wake wa kistaarabu. Mwajiri akitaka mfanyakazi wake wa kigeni apewe ukaazi wa kudumu, sharti kwanza aitangaze kazi ile ile gazetini, Jumapili mbili, kana kwamba kiti kiko wazi. Akijitokeza raia mmoja tu anayefaa, ombi limekufa. Na mwenye kiti yupo hapo hapo, anachapa kazi huku masikio yakiwa mlangoni.

Sravanthi Gadde alikalia kiti hicho miaka sita kasoro miezi michache, katika ofisi ya Walt Kubiak mjini Toledo, akipiga hesabu za madaraja. Kibali chake kilikuwa kinaisha Machi. Ombi lisipopelekwa kabla Oktoba haijaisha, yeye, mumewe na binti yao Hasini wangefungasha virago kurudi kwao Guntur, mji ambao Hasini aliuacha akiwa na meno mawili. Asubuhi ile mtoto alikuwa ameuliza tena lini watafuga mbwa. Jibu lilikuwa lile lile: karatasi zikitoka.

Wakili alimwonya mapema. "Barua za waombaji usiziguse. Usiulize chochote. Hata kuzungumza nao, marufuku."

Hakuwa na haja ya kuuliza, maana Walt hajui kuficha jambo. Wiki tatu alikuwa akipiga mluzi korido nzima. Jumatatu akanyamaza: barua ya mtu anayefaa ilikuwa imefika.

Jumatano kengele ya mlango ikalia. Marlene wa mapokezi alikuwa kwa daktari wa meno, Walt yuko kwenye simu. Sravanthi akafungua.

Mlangoni alisimama mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti limenyooshwa kwa pasi. "Dale Huckaby. Nimeitwa kwenye usaili. Samahani nimewahi, dada. Nimeendesha gari kwa muda wa saa tatu, niliogopa foleni."

Hapo angemwonyesha kiti cha mapokezi, akakimbilia mezani kwake. Lakini kwao Guntur mgeni haachwi na koo kavu, hata awe amekuja kukutoa nyumbani. "Karibu kahawa," mdomo ukasema, kichwa bado kinafikiri.

Kikombe kilikuwa kimeshajaa alipokumbuka. Juu ya mashine ya kahawa, kama sheria inavyotaka, lilibandikwa tangazo: kazi, mshahara, na sentensi inayosema limewekwa kwa sababu ya ombi la ukaazi wa mfanyakazi wa kigeni. Lilikuwa na siku nane pale. Wenzake walishamtania hadi wakachoka. "Kumbe tajiri wetu ni wewe! Leo chakula cha mchana unalipa."

Dale alilisoma polepole, mpaka chini.

"Kwa hiyo kazi hii ina mwenyewe."

Sravanthi akavuta kopo la sukari karibu.

"Ni wewe?"

"Siruhusiwi kuongea na wewe, kaka."

"Ongea kidogo basi."

"Sukari?"

Dale akacheka bila kutaka. "Vijiko viwili." Kisha kicheko kikaisha. "Nina miezi saba nyumbani. Koti hili mke wangu amelipiga pasi saa kumi na moja alfajiri. Nikirudi sasa nitamwambia nini, kwamba nimekunywa kahawa?" Akaweka kikombe chini. "Lakini sema niondoke, nitaondoka."

Neno lilikuwa ulimini. Ondoka. Nani angejua? Walt angejua, kwa sababu Walt angemuuliza, na yeye Sravanthi hajui kumdanganya. Na koti lile bado lilikuwa na mikunjo ya pasi mikononi.

"Mlango wa pili, kulia," akasema.

Walikaa ndani saa nzima. Ilipofika nusu saa, Walt akaangua kicheko, kile anachocheka akiwa na mtu anayeyajua madaraja. Sravanthi alimchukia Dale Huckaby wakati ule, akamchukia kwa moyo wote, na alijua mtu huyo hajamkosea lolote.

Dale alitoka, akampa mkono. "Asante kwa kahawa." Hakumtazama usoni.

Walt alisimama kando ya meza yake, mikono mifukoni. "Anafaa, Sravanthi. Nimemuuliza habari za kutu kwenye nguzo, akanifundisha mimi. Siwezi kutia saini kwamba hafai."

"Najua."

"Ningekuwa mtu mwingine..."

"Najua, Walt. Utamwajiri?"

"Nimwajiri wapi? Nina kiti kimoja, na umekikalia wewe."

"Mpaka Machi."

Walt akatazama zulia. "Ndivyo nilivyomwambia. Kwamba ombi lako ndiyo basi, na kwake hakuna kiti mpaka Machi, nayo ni labda."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama anaweza kumwambia mkewe kwamba amefaulu."

Sravanthi akainuka, akaenda kukiosha kikombe cha mgeni. Kahawa ilikuwa haijaguswa wala kukorogwa, imepoa, na sukari ilikuwa imetulia chini.