Ndoo ya Saa Sita

Kiwanda cha mablanketi kilipofungwa, Patrobas alikunja ovaroli yake ya buluu, akaisukuma chini ya godoro, akalala juu yake. Huo ulikuwa mwezi wa pili mwaka wa tisini na tisa. Mwezi wa tano ulimkuta angali amelala, uso ukutani. Mtu huyu alikuwa ameshika boila, tanuri la mvuke la kiwanda, kwa miaka kumi na tisa, na majirani zake hapo mtaa wa Kaloleni walizoea kujua saa kwa kusikia mlango wake ukifungwa asubuhi.

Binti yao, Triza, alikuwa ameshaolewa, na mkewe, Lenah, alikuwa kibarua kwenye shamba la maua huko Athi River. Lori la wafanyakazi lilimchukua alfajiri na kumrudisha jioni, na kila jioni aliikuta chai aliyoiacha ikiwa imeganda utando juu. Alijaribu kusema naye kwa upole, akajaribu kwa ukali, akamwita na mchungaji. Patrobas alimsikiliza mchungaji mpaka mwisho, akasema ahsante, akageukia ukuta.

Wazo lilimjia Lenah kazini. Shamba lilikuwa limeanza kukuza mawaridi bila udongo, kwenye vijiwe tupu. Maji yenye mbolea yalipanda mpaka yakafunika mizizi, kisha yakashuka yote, na mizizi ikavuta hewa. Asubuhi, mchana, jioni. Siku moja mtambo uliharibika tangu asubuhi, na kufikia saa tisa mawaridi yalikuwa yameinamisha vichwa. Lenah aliyatazama akasema moyoni: hiki ndicho kitu ninachotaka nyumbani kwangu. Kitu kitakachokufa mtu asipoamka.

Jumapili, baada ya kanisa, alianza kazi nje ya mlango wa jikoni. Alitafuta karai kubwa la plastiki, akalitoboa chini kwa msumari uliochomwa motoni. Ndoo nayo akaitoboa hivyo hivyo, akaviunganisha kwa kipande cha mpira wa maji. Karai akalipandisha juu ya mawe ya kujengea, akalijaza kokoto alizoziosha mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Ukutani akagongomea ndoano. Ndoo ikitundikwa pale juu, maji yangeteremka kwa mpira na kuinuka katikati ya kokoto. Ikiwekwa chini, yangerudi yenyewe ndooni. Haikuhitaji stima wala mashine. Ilihitaji mkono wa mtu mara tatu kwa siku.

"Mama Triza, na udongo umejaa hapa nje?" aliuliza Mukami, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akianika nguo. "Si upande tu kama sisi wengine?"

Lenah alicheka tu. Udongo hushika maji siku mbili, tatu. Udongo ungemwacha Patrobas alale.

Alipomimina maji ya kwanza, yaliyochanganywa mbolea, yalichuruzika kwenye tundu la ndoo. Akalifunga kwa kitambaa, yakazidi.

"Hapo patavuja mpaka kesho."

Aligeuka. Patrobas alikuwa amesimama mlangoni kwa fulana, akipepesa macho kwa sababu ya mwanga. Alirudi ndani akatoka na kisu na kipande cha tyubu ya baiskeli, akachuchumaa. Alikata pete mbili za mpira, moja ya ndani na moja ya nje, akazibana. Maji yakanyamaza. Lenah aliinamisha kichwa ajifanye anaokota kokoto, maana machozi yalikuwa karibu.

"Utanisaidia kuipandisha nikiwa kazini, Baba Triza? Asubuhi, saa sita, na saa kumi. Uiache juu dakika ishirini, kisha uishushe. Maji yakipungua, uongeze."

"Dakika ishirini," alisema Patrobas, kama mtu anayepokea zamu.

Kwa wiki sita nyumba ile ilipumua. Miche ya sukuma wiki na spinachi ilishika, ikatoa majani mapana. Patrobas alinyoa ndevu. Saa sita aliijua kwa redio ya Mukami. Muziki wa taarifa ya habari ukilia, alikuwa tayari ameshika mshikio wa ndoo. Jioni alimweleza mkewe: leo maji yamechelewa kurudi, nimezibua mpira, leo kuna jani lina madoa. Lenah alianza kushuka kwenye lori akitembea haraka.

Ndipo maji ya mtaa yalipokatika. Siku ya kwanza watu walingoja. Siku ya pili foleni ya mitungi ya kungojea gari la maji ilifika karibu na ukumbi wa jamii. Lenah alitoka alfajiri na kurudi jioni, akakoroga ugali kwa maji ya akiba, akalala kwa uchovu bila kutazama nje. Hakuuliza. Aliamini.

Jioni ya nne alikuta sukuma wiki imelala juu ya kokoto kama kitambaa kilichotupwa. Aliingiza kidole: vumbi. Ndoo ilikuwa kavu, na chumvi ya mbolea ilikuwa imeganda nyeupe kwenye kingo zake.

"Baba Triza! Hukupandisha maji?"

"Nimepandisha ndoo," alijibu Patrobas kutoka ndani. "Asubuhi, saa sita, na saa kumi."

"Ndoo haina kitu!"

Mukami alisogea kwenye ua, akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli, alipandisha. Kila siku nimemwona. Anaitundika, anakaa hapo mpaka dakika zake ziishe, anaishusha. Mimi nilidhani ina maji."

Lenah aliingia ndani. Patrobas alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini.

"Kwa nini hukuchota? Kwa nini hukuniambia?"

"Kwenye foleni wananiuliza kama nimepata kazi. Halafu nimezoea. Kule kiwandani miezi mitatu ya mwisho hakukuwa na mafuta. Boila ilikuwa baridi. Tuliingia zamu vilevile. Kila saa nasoma geji ya mvuke, naandika sifuri. Ulikuwa ukinifungia chakula, naenda kuandika sifuri."

Miezi mitatu. Lenah alikumbuka chakula kile, na jinsi alivyokuwa akimuuliza kazi ilikuwaje, naye akijibu, "Nzuri."

Kesho yake hakupanda lori. Alinunua maji ya kisima kwa mwenye mkokoteni, maji yenye chumvi, maana gari la maji halikuja siku hiyo. Alijua ni hatari kwa miche, akayamimina hata hivyo. Kwa siku mbili majani yaliinuka kidogo, na moyo wake ukainuka nayo. Siku ya tatu kingo ziliungua zikawa kahawia, na vichipukizi vya katikati vikageuka vyeusi.

Patrobas alikaa mbele ya karai, kiganja juu ya kokoto.

"Uliitengeneza kwa sababu yangu," alisema. "Sivyo?"

"Ni mboga tu, Baba Triza. Tutapanda nyingine."

"Mboga ziko sokoni Burma, tele." Hakusema kwa hasira, Lenah angependa iwe hasira. "Umenitafutia kitu kidogo kabisa, nacho kimenishinda."

Aliinuka akaingia ndani. Kitanda kilisikika kikilia.

Maji yalirudi Jumamosi hiyo, mabomba yakikohoa mtaa mzima, wanawake wakikimbia na mitungi. Patrobas hakugeuza kichwa. Mwezi wa nane Luseno, kakake, alikuja kumchukua kwenda kwao Butere, na Patrobas akafuata bila kuuliza wanaenda kukaa muda gani. Lenah alibaki kwa sababu ya kibarua. Jioni ya siku waliyoondoka, lori lilipomshusha, alisimama kando ya barabara na kibeti chake, watu wakimpita, akashindwa kujua aharakie nini nyumbani.