Mheshimiwa Nyuma ya Chupa ya Chai

Dada mtu aliingia hata hodi hakupiga. Siku ya tatu hiyo mwanawe, fundi wa kuchomelea mageti, yuko mahabusu kwa ugomvi wa sokoni alioukuta tu ukiendelea, na yeye mama yake halali wala hali.

Alimkuta mdogo wake anapiga pasi shati lake mwenyewe. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa masjala mahakamani, akigonga mihuri mpaka watu wakamwita Muhuri. Sasa ni mbunge, lakini pasi ni ileile, waya umefungwa kitambaa.

"Piga simu moja tu, mdogo wangu. Mkuu wa kituo akisikia sauti yako ataruka."

"Simu sipigi, Dada. Twende."

"Mgongo huu ulikubeba wewe, ukaulowesha kila siku!"

"Basi leo natembea mwenyewe, upumzike."

Kituoni mbunge alipanga foleni, nyuma ya mama mmoja aliyekumbatia chupa ya chai. Askari wa mapokezi alivyomwona, aliinuka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mheshimiwa, pita mbele!"

"Mbele kuna watu, afande."

Dada alimfinya ubavuni. Hakutikisika.

Zamu yake ilipofika, hakumtaja mpwa wake. Aliomba kitabu cha mahabusu, akakisoma kama zamani masjalani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Watu kumi na wawili, na wote wamepitiliza ile siku moja inayoruhusiwa na sheria.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, mchukue wa kwako, yaishe."

"Mchukue!" dada alidakia.

"Wa kwangu ni kumi na wawili," alijibu Muhuri. "Wote wafike kwa hakimu leo. Nasubiri hapa hapa." Akaketi kwenye benchi, akakunja mikono.

Mkuu alizitazama zile tarehe, mwandiko wa askari wake mwenyewe. Akaagiza gari.

Mahakamani waliitwa kwa mpangilio wa kitabu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: kila jina lisilo la mwanawe lilimchoma dada kama sindano. Mdogo wake alikaa pembeni, na hakimu hakumwangalia hata mara moja. Wa tisa alikuwa mtoto wa yule mama wa chai. Alipoachiwa kwa dhamana, mama alilia, kisha akamimina chai kwenye kifuniko, akampa dada.

Fundi wa mageti aliitwa wa mwisho, jua limeshainama. Hakimu aliuliza nani alimwona akipigana. Hakujitokeza hata mmoja. Akaachiwa.

"Kumbe na wewe wako alikuwa ndani?" mama wa chai alishangaa. "Na ndugu yako ni mbunge?"

Dada alimaliza chai, akafuta kifuniko kwa kiganja, akamrudishia.

"Alikuwa ndani, tena wa mwisho," alisema. "Na huyo mbunge nimemlea mimi."