Saladi ya Thelathini

Afande Elysée aliacha kula mchuzi siku alipopata habari kwamba kamanda mwenzake amefia mezani huko Niania, mashariki mwa Kongo, kijiko kikiwa bado mkononi. Wengine walisema ni malaria, wengine moyo. Afande alisema ni mchuzi. Mchuzi ni mzito, una rangi, una mafuta juu. Mtu anaweza kuficha humo kitu chochote, na wewe ukaja kukigundua umekwisha kulala chali. Tangu hapo akataka chakula kisichoficha neno: kila jani lionekane, kila kipande cha nyanya kijulikane kilipotoka. Ndivyo saladi ilivyoingia katika vita vya Ituri.

Mpishi wake, Constant, hakucheka wala hakulaumu. Alikuwa mtu wa kupima mambo polepole. Kwa miaka kumi na minne alimpikia mfanyabiashara Mgiriki pale Bunia, mpaka Mgiriki alipopanda ndege na mbwa wake, akamwachia funguo za nyumba na kitabu cha mapishi kisicho na jalada. Nyumba ilichukuliwa na Afande. Kitabu hakikutakiwa na mtu. Constant alikuwa amejifunza Kifaransa chake chote humo, kwa hiyo alijua kusema "pasua mayai" na "acha ipoe", lakini hakujua kuomba ruhusa ofisini.

Afande alimchagua kwa hesabu zake mwenyewe. Constant alikuwa na mdogo wake, Emery, fundi cherehani wa mtaa wa Saio. Wote wawili walizaliwa Gety, na mwaka ule kuzaliwa Gety, upande wa maadui wa Afande, lilikuwa kosa, hata kama uliondoka huko ukiwa mgongoni mwa mama. Emery akafungiwa katika kontena la chuma nyuma ya nyumba, Constant akaachwa jikoni.

"Mupishi mwenye ndugu yake iko mu kontena yangu," Afande aliwaeleza washauri wake watatu, "hawezi kunipa sumu."

Washauri wakapiga makofi.

"Afande," Constant akauliza, "atakaa mule mpaka lini?"

Afande alifikiri. Kabla ya vita alikuwa akikata tiketi za malori, na bado alipenda safari yenye mwisho unaojulikana. "Siku makumi tatu. Kila siku saladi ya namna ingine. Ukirudilia moja, tunaanza tena. Na nikiumwa tumbo, ndugu yako ataumwa kichwa."

Kesho yake Constant alikwenda sokoni na kikapu. Mama Arlette, muuza mboga, alimtazama akichagua kabichi jani kwa jani.

"Papa Constant, ni kweli mukubwa wako anakula majani mabichi?"

"Ni kweli, mama."

"Anaanza kuota na pembe, ao bado?"

"Unipe na karoti, mama."

"Nikufungie na kamba ya kumufunga?" Wanawake wa meza za jirani walicheka mpaka mmoja akaangusha bilinganya zake.

Constant aliosha kila jani kwa maji aliyoyachemsha na kuyapoza. Alionja wa kwanza, mbele ya watu, kama alivyoamriwa. Halafu ilimbidi aeleze asili ya saladi, maana Afande hakutaka kula kitu asichojua kilitoka upande gani. Siku ya kwanza Constant alieleza yaliyo kitabuni: kwamba Warumi wa zamani walikula majani kwa chumvi, na jina la saladi limetoka katika chumvi hiyo.

"Hao Waroma walikuwa na jeshi?"

"Kubwa sana, Afande."

"Na walikuwa wanakula majani." Afande aliwageukia washauri. "Munasikia?" Washauri walisikia.

Ya Kirusi ilikuwa na viazi, karoti na mayonezi. Afande alitazama mayonezi kwa muda mrefu. "Hii inafunika," alisema. Mayonezi ikaondolewa, akala viazi vya baridi kwa heshima zote. Ile ya Nice, mji wa Ufaransa, yenye mayai na samaki wa kopo, alikula nusu; kisha redio ikasema Wafaransa wamelaani vita, nusu iliyobaki ikarudishwa jikoni. Ya Kaisari aliipenda kabla haijafika mezani.

"Huyu Kaisari aliteka miji ngapi?"

"Afande, wa saladi alikuwa mutu mwingine. Ni Mutaliano, alikuwa na restora kule Mexique."

"Mbele ya kuteka miji, ao kiisha?"

Mshauri Xavier, aliyekuwa karani, alimkanyaga Constant mguu chini ya meza. "Kiisha, Afande," akajibu Xavier.

Siku zilikwenda hivyo. Parachichi na kitunguu, maharage ya baridi, kabichi na nanasi. Kitabu kilipoishiwa Constant alibuni, akiandika kila moja asije akairudia. Kila jioni alipita karibu na kontena na kugonga mara moja kwa kidole; Emery alijibu mara moja. Siku ya ishirini na saba alijibu baada ya kukawia, na Constant alisimama pale mpaka mlinzi akamfukuza.

Siku ya ishirini na tisa Afande aliweka uma chini.

"Nice ni muji. Iko na saladi yake. Urusi iko na yake. Siye je? Kesho ninataka saladi ya Ituri. Ya sombe."

"Nitaitwanga vizuri, Afande."

"Utwange nini? Mbichi! Kama zingine."

Constant aliweka chini sahani aliyokuwa akiondoa. "Afande, majani ya muhogo mabichi iko na sumu. Mama zetu wote wanatwanga, wanachemsha."

"Mama yangu alikuwa anachemsha sababu hakukuwa na vinegreti," Afande alisema, akionyesha kichupa cha limau na mafuta. "Sasa vinegreti iko."

"Ni kweli," Xavier alisema. "Ilikuwa shida ya vinegreti tu." Wenzake wawili, ambao kila mmoja alikua akisikia kinu cha mama yake kila jioni, wakatikisa kichwa kukubali.

Usiku ule Constant hakulala. Akikataa, siku ya thelathini imepotea na Emery amepotea nayo. Akiandaa, Afande ataumwa, na kichwa cha Emery kitafuata. Hakuona njia ya tatu.

Mchana aliweka sahani mezani: sombe mbichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi za cherehani, nyanya pembeni, limau na mafuta juu. Afande akampa uma aonje.

"Afande, unihurumie," Constant alisema. "Hii ni saladi ya Ituri. Haifai ifunguliwe na mutu wa jikoni, tena wa Gety. Wafungue washauri, wenye waliikubali."

Afande alifurahi mno. "Umeongea kama mutu mukubwa. Xavier!"

Xavier alitazama uma. "Afande, miye ninafunga."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Wa pili alishika shavu, akasema jino. Wa tatu alikuwa Gérard, muuguzi wa zamani, naye alianza kukohoa kabla hajaulizwa. Afande aliwatazama mmoja baada ya mwingine, uso ukianza kubadilika, na Constant akaona mkono wake ukisogea kwenye bastola.

"Ni sumu?"

"Hapana!" Gérard alisema haraka. "Ni vinegreti, Afande. Limau ya huku haina nguvu ya kutosha. Tungeisaidia na moto kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Masaa mawili."

"Na kinu?"

"Na kinu pia. Vinegreti iingie muzuri."

Sombe ikatwangwa, ikachemka, ikatiwa mawese na kitunguu. Ililetwa na bugali wa moto. Constant alionja, na Afande akanawa mkono, akala. Hakuuliza asili yake. Baada ya sahani ya tatu ndipo alipokumbuka sumu, akaichungulia ile iliyobaki, nzito, ya kijani iliyokolea, isiyoonyesha kitu. Akaimaliza.

"Imetimia thelathini, Afande," Constant alisema.

"Lakini hii ni saladi?"

Washauri wakamgeukia Constant.

"Ni Afande mwenyewe aliipa jina," Constant akajibu.

Xavier akaandika amri. Kifungu cha kwanza: sombe ni saladi. Kifungu cha pili: Emery aachiliwe. Muhuri, ile kashe ya Afande, ukagongwa.

Mlinzi wa kontena, Dany, alisoma karatasi kwa kidole, akarudia, kisha akawaita wenzake.

"Sombe ni saladi? Nani amesema?"

"Afande," Constant alisema.

"Saladi ni baridi."

"Na saladi ya maharage?" mwenzake akauliza. "Maharage haichemshwe?"

"Inachemshwa, kiisha inapoa! Sombe ya jana ikipoa utaiita saladi?"

Walibishana muda mrefu. Constant alisimama na kofia mkononi. Ndani ya kontena palisikika kidole kikigonga mara moja, naye hakuthubutu kujibu.

Mwishowe Dany aliikunja karatasi. "Miye, kifungu ya kwanza nimekataa. Sombe haiko saladi. Lakini kashe imeangukia ya pili."

Akafungua. Emery alitoka akishika ukuta, macho yakikataa mwanga, suruali ikiwa imefungwa kwa kitambaa.

"Yaya," alimwita kaka yake, "uliwapa nini?"

"Majani. Tembea."

Walikuwa wamefika getini waliposikia nyuma yao sauti ya mlinzi: "Na majani ya lengalenga, nayo ni saladi? Kifungu haisemi kitu!" Constant, ambaye alikuwa hajawahi kukimbia kwa jambo lolote, alimshika mdogo wake mkono, wakaongeza mwendo kuelekea Saio kabla hawajaitwa kutoa maelezo.