Uzi wa Kupimia Mwamba

Trrrk, kisha tap. Kimya kidogo, halafu tena: trrrk, tap. Kulikuwa bado giza na sauti ilitoka uani, chini ya dirisha langu. Nikadhani panya ameingia kwenye kopo. Nilipofungua mlango nilimkuta mjukuu wangu amelala kifudifudi kando ya pikapu yake, tochi mdomoni, futi ya chuma mkononi. Akiivuta inalia trrrk, akiiachia inajirudisha tap.

"Unatafuta nini huko chini alfajiri yote hii?"

Akaitoa tochi mdomoni. "Nafasi, Bibi."

Mjukuu huyu tunamwita Nyundo, kwa sababu akishika jambo hugonga palepale mpaka liingie. Kazi yake ni kusambaza magodoro na vitanda kwa hiyo pikapu, na mgongo wake ni imara kuliko wa kaka zake wote wawili. Jambo aliloshika wakati huo lilikuwa langu mimi.

Dada yangu anaishi ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa moja kwa gari. Mvua kubwa za mwaka juzi ziliondoa udongo wote wa njia, ukabaki mwamba umetokeza katikati, kingo zimesimama huku na huku, pa kupitia pembeni hakuna. Waendao kwa miguu wanapita, pikipiki zinapita. Gari linakwama tumbo. Dada alivunjika nyonga, hatoki nje ya kizingiti chake. Mimi daktari alinikataza pikipiki na kukwea mawe kwa ajili ya mgongo. Kwa hiyo mwaka mmoja na miezi minne tulikuwa sauti tu kwenye simu. Yeye ana miaka themanini na mmoja, mimi sabini na sita. Niseme wazi: niliogopa tutakapoonana tena, mmoja wetu awe amefunikwa shuka.

Nyundo alipomwambia atainua gari ili anipeleke, Dada hakutaka mtu akisie urefu wa ule mwamba. Alimtuma jirani yake na uzi mweusi aupime kutoka chini hadi kileleni, kisha akatutumia uzi wenyewe ndani ya bahasha. Nyundo aliulaza juu ya meza, akaunyoosha mwisho hadi mwisho. Sentimita ishirini na sita.

Asubuhi hiyo tukaenda gereji. Nilitaka kwenda kwa sababu mbili: mpandaji ni mimi, na tangu zamani napenda kujua kitu kinafanyaje kazi.

Fundi alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Alipotuona akaizima mashine yake ya upepo ili tusikilizane. Akafuta kigoda kwa mkono wa shati lake mwenyewe, akakigeuza jua lisinipige machoni, ndipo akasema, "Shikamoo, Bibi." Nikaitikia marahaba, na moyoni nikasema huyu amelelewa.

"Fundi, nataka inchi nne," Nyundo akaanza, hata hajaketi. "Springi ndefu, shokamzoba ndefu, gari lisimame kama twiga."

"Inchi nne za kupitia wapi?"

"Kuna mwamba. Sentimita ishirini na sita. Inchi nne ni kumi. Nikiinua kumi napita."

Fundi akajikuna sikio. Mimi nikauliza, "Mwanangu, nikitaka kuona huko chini bila kuinama, nafanyaje?"

Alikuwa na kioo cha pembeni cha lori, kimepasuka kona, amekifunga kwenye ufito. Akakisukuma chini ya gari mbele yangu, akakiinamisha polepole mpaka nikaona tumbo zima. Springi nilizitambua, zile bapa zilizopangwa kama vitabu. Halafu nikaona kitu cha mviringo, kama chungu cha chuma, kimening'inia katikati ya magurudumu ya nyuma.

"Hiki chungu ni nini?"

"Hiyo ni difu, Bibi. Ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma."

"Ndicho kitu cha chini kuliko vyote?"

"Ndicho."

"Sasa mkiweka hizo springi ndefu, chungu nacho kinapanda?"

Fundi akamtazama Nyundo. Nyundo akatazama kioo.

"Hakipandi," Fundi akasema taratibu. "Springi zimekaa juu yake. Zinainua bodi peke yake. Difu imefungwa na magurudumu, mahali gurudumu lilipo ndipo ilipo."

"Kwa hiyo angesimama kama twiga, halafu akagota palepale."

"Palepale, Bibi."

"Yaani wiki mbili nzima napima chini ya mlango, kumbe kizuizi ni difu!" Nyundo akajipiga kofi kwenye paja. Fundi hakumcheka. Alimwambia wateja saba kati ya kumi huja na hesabu hiyohiyo, na ni wachache huja na bibi wa kuwauliza swali.

Kumbe kinachoinua difu ni tairi. Fundi akaniviringishia moja hadi magotini pangu, akanionyesha maandishi ubavuni: namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo cha ubavu ukilinganisha na upana, ya mwisho ni rimu inayoingia ndani. Nikamwomba anisomee mara mbili. Akasoma mara tatu. Tairi kubwa kuliko zote aliyoweza kuiweka bila kukata bodi ilikuwa imezidi ile ya zamani kwa sentimita sita, kutoka juu hadi chini.

"Sita!" Nyundo akachangamka.

"Nusu yake," Fundi akasema. "Nyingine inakwenda juu ya ekseli. Chini unapata tatu. Difu yako ilikuwa ishirini juu ya ardhi, itakuwa ishirini na tatu."

Ishirini na tatu. Na uzi ulisema ishirini na sita.

Nyundo akauliza kama wanaweza kukata bodi, waweke tairi za trekta kabisa. Fundi akasema inawezekana, lakini injini itahema kila kilima, na Bibi atahitaji ngazi kupanda. Nyundo akaenda kusimama mlangoni, mgongo ametupa sisi. Namjua. Akitaka kulia hujifanya anatazama barabara.

"Nipe huo uzi," nikasema.

Nikaupitisha vidoleni. Macho yangu yamechoka, vidole bado. Karibu na mwisho nikakuta fundo, dogo, limekazwa vizuri. Baada ya fundo kulikuwa na mkia wa vidole viwili na ushee.

Dada yangu alishona nguo miaka arobaini. Hakuwahi kutumia futi. Alimpima mtu kwa uzi, akafunga fundo pale mwili unapoishia, halafu akaacha mkia wa nafasi ya kupumulia, mtu akishiba asipasuke. Nikampigia simu papo hapo.

"Dada, ule uzi wa mwamba. Fundo ni la nini?"

"La nini tena? Ndipo jirani alipoubana kwa kidole, ndipo mwamba ulipoishia."

"Na mkia?"

"Si nafasi! We nawe. Umekaa pembeni ya cherehani yangu miaka yote hiyo unakula karanga, hukuona kitu?"

"Mwamba nao unahitaji nafasi ya kupumua?"

Kisha nikasikia anacheka, kicheko chake kile cha kukohoa. "Mkono umezoea, mdogo wangu. Uliacha mkia wenyewe."

Fundi akaweka futi kuanzia mwanzo hadi kwenye fundo. Ishirini na mbili. Akarudia. Ishirini na mbili.

"Tunapita kwa sentimita moja," akasema.

Nyundo alirudi kutoka mlangoni mbio, akanibusu kwenye paji la uso na kuniachia grisi aliyoitoa sijui wapi.

Yaliyobaki yalikuwa kuchagua, na nilikaa hapo hadi mchana kwa raha zangu. Springi zikawa za inchi mbili tu, za kuipa tairi mpya pa kugeukia isisugue madigadi. Kwenye tairi Nyundo alitaka zile za matope, zenye meno ambayo kidole changu kilizama hadi ukucha wote. Fundi akamuuliza siku zake nyingi anaendesha wapi. Lami, akajibu. Basi zitanguruma mpaka wenye magodoro wasilale, Fundi akasema, na akampa za njia zote, zenye meno ya wastani. Rimu nazo, Nyundo alikuwa ameshazikumbatia zile nyeusi za kung'aa, zilizotokeza nje kama masikio. Fundi akaeleza kwamba hizo zinalemea beringi na kurusha tope mpaka kwenye vioo. Akaweka za chuma za kawaida, kwa sababu rimu ya chuma ikipinda hugongwa ikanyooka.

"Sura ya gari langu sasa!" Nyundo akalalamika.

"Sura utampelekea nani?" nikamuuliza. "Dada haoni zaidi ya hatua tano."

Mwisho Fundi akanipima mimi. Alipanga vipande vya mbao sakafuni, kimoja juu ya kingine, na kila mara akanishika kiwiko na kuniambia nikanyage. Kipande cha nne goti likakataa. Akaondoa kimoja, akachora chaki kwenye ubavu wa gari, na kwa urefu huo akachomelea kikanyagio cha bomba. Kabla ya kuniita nijaribu alikifunga gunia, ili kisinipige baridi wala kuniteleza. Hakuna aliyemwomba.

Jumamosi tukaenda. Kwenye korongo Nyundo alishuka, akausimamisha uzi kando ya mwamba mpaka fundo likafika kileleni, akautazama muda mrefu. Akarudi, akaingiza gia ndogo. Gurudumu moja likakanyaga huku, jingine huku, mwamba ukapita katikati yetu. Nilishika mlango na kusikiliza chini, nikingoja chuma kikwaruze. Nilisikia kokoto tu. Halafu tulikuwa ng'ambo, na Nyundo anapiga honi kama harusi.

Nyundo alisimamisha gari hatua tatu tu kutoka kizingitini, Dada alipokuwa kwenye kiti chake. Amepungua. Nilishuka kwa kikanyagio changu bila kushikwa, ili aone.

"Mbona gari limevaa viatu vya kaka yake?" akasema, kisha uso wake ukashindwa kuendelea na mzaha, na mimi wangu ukashindwa.

Tulikaa mikono yetu imeshikana mpaka jua lilipogeuka. Wakati wa kuondoka nilimrudishia uzi wake. Akalitafuta fundo kwa kidole gumba, akalipata, akaurudisha uzi kiganjani mwangu na kukifunga vidole kimoja kimoja.

"Kaa nao," akasema. "Uje nao tena Jumamosi, tuupime mwamba kama haujaongezeka. Utakuja, mdogo wangu?"