Palipokwama Sindano

"Hii imeharibika, bibi," Craig alisema, akiinua sahani ya santuri kuelekea dirishani.

"Haijaharibika. Ndivyo inavyoimba."

Akacheka. Craig alikuwa na meza ya santuri kuukuu katika gulio la Jumamosi, kwenye ukumbi wa mji wetu wa Cygnet, na watu walimfuata hata kutoka Hobart, jiji kuu la kisiwa chetu. Mimi nilimpelekea moja tu. Nyumba nilikuwa nimekwisha kuiuza, na chumba nilichokuwa nahamia kwenye makao ya wazee hakikuwa na pa kuweka gramafoni. Nikajiambia, bora iende kwa mtu atakayeipiga kuliko ilale kwenye boksi kama maiti isiyo na mwenyewe.

Akashusha sindano. Yule dada mwimbaji akaanza na gitaa lake, sauti kavu kama nyasi za kiangazi, akimwimbia mume aliyekwenda bara kukata manyoya ya kondoo na hakurejea. Kisha tukafika pale.

*Ukirudi... ukirudi... ukirudi...*

Kwetu, hapo ndipo mume wangu Merv alipokuwa akipiga sakafu kwa kisigino. Dum! Sindano inaruka, wimbo unaendelea. Santuri tuliinunua hivyo hivyo kwenye mnada wa kanisa, ndoa yetu ingali changa. Hata akiwa bafuni, akilisikia neno lile limegota, alipiga kelele: "Noreen, mkanyage huyo!" Nami nakanyaga. Na mwisho, alipolala hospitalini miguu haimtii, nilikuwa namwimbia kando ya kitanda. Nikifika pale nangoja. Naye anagonga ukuta kwa kidole.

Craig akainama na kioo chake cha kukuzia. "Mkwaruzo uko wapi! Nta ya mshumaa tu hii." Kabla sijafungua mdomo, akaichokoa kwa kijiti cha meno, akajipangusa kwenye suruali. "Haya, sikiliza sasa."

*Ukirudi, sitakuuliza ulikuwa wapi.*

Kumbe ndiyo maneno yaliyokuwa pale. Yalipita mara moja, laini, hayakumngoja mtu.

"Umeona? Sasa nakupa mara mbili ya bei tuliyopatana!" Alifurahi, maskini, kama mtoto aliyeokota yai. Kisha akanitazama. "Au umeghairi?"

"Chukua tu, mwanangu."

"Una hakika, bibi? Sasa ni nzima kabisa."

"Ndiyo maana."

Jioni ile nilikuwa namenya viazi, redio nimeizima, nikajikuta naimba. Nilipofika pale nikajitahidi kukwama. Ukirudi, nikasema. Ukirudi. Ukirudi. Nikashika kiazi, nikangoja. Lakini mdomo ulikuwa umekwisha kujifunza njia; ukapita wenyewe, ukaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa wimbo.