Mgonjwa Aliyembeba Muuguzi

Ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, palikuwa na nyumba ya wazee hapa Isiolo, upande wa Chechelesi, na katika nyumba hiyo mgonjwa ndiye aliyembeba muuguzi. Usicheke bado. Sikiliza kwanza walivyofika hapo.

Akiru alikuwa mjane, mrefu, mwenye mgongo mpana kama mlango. Tangu kanisa lifungue nyumba ile, yeye ndiye aliyewageuza wazee kitandani wasishikwe na vidonda, akawaosha, akawanywesha uji. Mtoto hakujaliwa. Wale wazee ndio waliokuwa watu wake. Akitolewa pale, hakuwa na mahali pengine ambapo angeulizwa ameamkaje.

Basi wafadhili wa Nairobi, wale walioleta blanketi na maziwa ya unga, wakatuma neno: wazee wahudumiwe na mwenye cheti cha uuguzi, na asiye na cheti asiajiriwe, la sivyo msaada utakoma. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Kang'ethe mwenye duka la mabati, akatangaza kazi hiyo kila mahali. Wenye vyeti waliposikia ni Isiolo, tena wakati wa kiangazi, walisema watafikiria. Hadi leo wanafikiria.

Aliyejitokeza alitoka kitanda cha dirishani. Mzee Lokaale, miguu imekufa, macho yameingia ukungu, aliingiza mkono chini ya blanketi akatoa mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe mlikuwa na cheti. Zamani za vita vya Wazungu alikuwa dresa wa jeshi, mfunga vidonda vya askari. Mchwa walikuwa wamekula pembeni, lakini muhuri waliuheshimu.

Kamati ikaketi. Mwalimu Jemimah akauliza, kwa upole wake, muuguzi asiyeweza kusimama atauguza namna gani. Kang'ethe akamjibu kwamba wafadhili wameomba cheti, hawakuomba miguu. Neno likapita. Lokaale akavalishwa koti jeupe, akahamishiwa chumba cha muuguzi pamoja na ekicholong yake, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku.

Ikabaki habari ya Akiru. Kang'ethe alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo wema wake ulipomtoa jasho. Alizunguka ua mara nyingi, kisha akamwita kando.

"Dada yangu, huwezi kufanya kazi hapa tena. Lakini hakuna aliyesema huwezi kuugua hapa."

Kitanda cha dirishani si kilikuwa wazi? Akiru akalazwa. Na kwa kuwa hakuna aliyekataza wagonjwa kusaidiana, asubuhi aliamka kitandani mwake, akawageuza wenzake, akawaosha, akapika uji, kisha akaenda kumchukua muuguzi. Alimbeba mgongoni, kitanda hadi kitanda, naye Lokaale akiwauliza wagonjwa hali zao juu ya bega la Akiru.

Bibi Nakuam, ambaye ulimi ndio kiungo pekee kilichobaki na nguvu, alimwambia, "Daktari, shuka kwanza mgongoni mwa mgonjwa ndipo uniulize kama nimelala vizuri."

Siku moja akafika mkaguzi wa wafadhili, Bi Peris. Alimkuta Akiru na muuguzi mgongoni, ndoo ya maji mkononi. Akakitazama cheti, akaupapasa muhuri, akaridhika. Kisha akamtazama mgonjwa.

"Huyu amepona," alisema. "Kitanda ni cha mwenye shida. Aende nyumbani leo."

Akampongeza Lokaale sana, maana hakuwa amewahi kuona mgonjwa aliyeuguzwa akapona hivyo. Akiru alimweka muuguzi kwenye ekicholong taratibu, asimwumize, akaenda kufunga mzigo wake: kikombe, shuka, shanga za marehemu mama yake. Mikono iliyoinua watu wazima haikuweza fundo la shuka. Hata Nakuam alinyamaza, na hilo lilimtisha Akiru kuliko yote.

Ndipo Lokaale akakohoa. Akamwuliza mgeni, katika nyumba hii mwenye cheti ni nani.

"Ni wewe, mzee."

"Basi kusema nani amepona ni kazi yangu. Akiru, njoo."

Akiru akaja, akachuchumaa. "Niko hapa, Apa," akasema, kwa kuwa siku zote alimwita baba. Mzee akautafuta mshipa wa mkono, akaukosa, akashika kiwiko, akasikiliza hapo kwa muda mrefu huku amefumba macho.

"Bado," akasema.

Bi Peris akauliza ni ugonjwa gani.

"Ni mgongo. Umezoea mzigo. Ukiachwa mtupu, utamwua. Dawa yake ni kunibeba mimi, asubuhi na jioni."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mimi nipone."

Bi Peris alimtazama Kang'ethe, Kang'ethe akatazama paa. Cheti cha Bi Peris mwenyewe kilikuwa cha uhasibu, na hakuwa mtu wa kuvunja sheria aliyoileta. Akaandika kwamba mgonjwa ataendelea na dawa.

Akiru akafungua mzigo wake, akarudisha kikombe dirishani. Kisha akageuza mgongo, akainama.

"Haya, Daktari," akasema. "Panda nimeze dawa."